Ganda la Muwa la Jana

Kitenzi 'cheza' kimebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha ya Kiswahili. Watoto hucheza mpira, wazee hucheza bao, vijana hucheza ngoma, na katika baadhi ya jamii za pwani ya Tanzania mwali huchezwa kabla ya kutolewa ndani. Tamthilia nayo, hata iwe ya kuliza namna gani, huitwa mchezo wa kuigiza. Kitenzi hicho kikinyambuliwa, uhusiano wa mtu na kitu hubadilika papo hapo: achezaye yu huru; akichezeaye kitu huenda anakiharibu; achezewaye hana hiari tena. Licha ya utajiri wote huo, hakuna mnyambuliko unaomtaja mtu anayeendelea kucheza baada ya raha ya mchezo kumtoka. Vidole vyake vinakwenda, macho yanaufuata mpira kwenye skrini, mabao yanahesabiwa, ilhali moyo umekwisha kuondoka uwanjani.

Hali hiyo ilimfika karani mmoja wa mjini Nakuru alipotimiza umri wa miaka 29. Yamkini wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo jambo hilo linastahili kurasa za jarida. Mtu mzima akiacha michezo ya video, walimwengu humpongeza. Husema kwamba ameacha utoto na sasa atajenga nyumba. Hata hivyo, thamani ya kamba haijulikani ila kwa kujua kilichofungwa nayo, na mchezo wa karani huyu ulikuwa umefunga kitu ambacho hakuna dukani pa kukinunua.

Alilelewa katika mtaa wa Kaptembwo. Aliyemtia katika ulimwengu wa michezo ya video ni yule nyoka aliyekuwamo katika simu ya mama yake, mchezo ambao kampuni ya Nokia ilianza kuutia katika simu zake mwaka wa 1997 na ambao baadaye ulienea hadi vijijini. Nyoka alikula, akarefuka, akajigonga mwenyewe, akafa. Mama alipoitaka simu yake, mchezo ulikwisha na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka wa 2006, akiwa na umri wa miaka kumi, aliingia kwa mara ya kwanza katika kibanda cha mabati kilichokuwa na runinga mbili nzito, mitambo miwili ya PlayStation 2 na benchi refu la mbao. Mtambo huo, ambao ulitolewa Japani mwaka wa 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 kote duniani, uliwafikia watoto wa mitaa kama ule si kwa kununuliwa na wazazi wao bali kwa kukodishwa mechi baada ya mechi. Katika kibanda hicho mechi moja ilikuwa shilingi kumi, na kanuni zilikuwa mbili tu: aliyefungwa ndiye aliyelipa, na aliyeshinda alibaki kitini. Yeye na mdogo wake, aliyekuwa na umri wa miaka saba, walikuwa na sarafu moja kati yao. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa mweka hazina. Aliishika sarafu hiyo kiganjani hadi ikapata joto, akasimama nyuma ya kaka yake na kumwambia mahali pa kupeleka mpira. Kaka akishinda, sarafu ilibaki kiganjani. Zilikuwapo Jumamosi ambazo sarafu moja iliwashindia adhuhuri yote, wakarudi nayo nyumbani jua likichwea, na zilikuwapo nyingine ambazo iliwatoka kabla hawajakaa vizuri.

Katika kibanda hicho hakuna aliyecheza peke yake. Wawili walishika vidhibiti, ambavyo vijana waliviita 'pedi', na kumi na wawili waliobanana kwenye benchi walicheza kwa midomo. Palikuwa na aliyemwiga mtangazaji wa redio, palikuwa na waamuzi wasioteuliwa, palikuwa na mahasidi, na palikuwa na waaguzi waliotabiri matokeo kisha wakakana utabiri wao. Bao likifungwa, mabati yalitikisika. Aliyefungwa alitaniwa hadi nje ya mlango, akapita akicheka kwa shingo upande, na kesho yake akarudi na shilingi kumi nyingine.

Miaka ilipita. Kibanda kilivunjwa, mkubwa akasoma uhasibu na kupata kazi ya ukarani, na mwaka wa 2019 mdogo mtu akasafiri kwenda Doha nchini Qatar kufanya kazi ya ulinzi, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa Kenya kabla yake na baada yake. Kila mmoja, upande wake wa bahari, alinunua mtambo wa PlayStation 4 uliokwisha kutumika. Makubaliano yalikuwa kwamba watakutana mtandaoni kila Ijumaa usiku, kwa kuwa Ijumaa ni siku ya mapumziko kule. Saa za nchi hizo mbili hazitofautiani: saa tatu ya usiku Nakuru ni saa tatu ya usiku Doha. Kwa muda wa miaka sita saa hiyo ilikuwa yao. Mama yao alikwisha kujua kwamba Ijumaa usiku hapigi simu kwa mwana yeyote kati ya hao wawili.

Raha haikumtoka karani kwa siku moja. Ilivuja polepole, mithili ya maji katika mtungi wenye ufa usioonekana. Alianza kuwasha mtambo na kukaa dakika kumi akizitazama orodha za timu bila kuchagua yoyote. Kisha akawa anafunga bao na kubonyeza kitufe haraka ili asiwaone wachezaji wakishangilia. Baadaye akawa anaiangalia saa ya ukutani katikati ya mechi. Ijumaa moja umeme ulikatika mtaani kwake mechi ikiwa haijafika nusu. Gizani pale alijisikia akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Hapo ndipo alipotambua kwamba jambo alilokuwa akilingojea wiki nzima sasa analiogopa.

Kwanza aliulaumu mchezo wenyewe. Ule mchezo wa kandanda ulioitwa FIFA ulianza kuuzwa mwaka wa 1993, na tangu hapo ukatolewa upya karibu kila mwaka hadi toleo la 2022, la mwisho kubeba jina hilo. Kuanzia mwaka wa 2023 umekuwa ukiuzwa kwa jina la EA Sports FC. Karani alinunua toleo jipya. Nyasi zilikuwa za kijani zaidi, majasho ya wachezaji yalionekana yakitiririka, majina ya wachezaji yalikuwa ya msimu huo. Raha haikurudi. Alimtafuta fundi wa mjini aliyekuwa na PlayStation 2 kuukuu, akaichukua kwa wiki moja pamoja na ule mchezo wa utotoni. Vidole vilikumbuka kila kitufe. Alicheza mechi tatu dhidi ya mashine katika chumba kitulivu, akaushinda mtambo mara tatu, kisha akaizima. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno, walinena wahenga. Lakini chungu huyo walau aliukuta utamu kidogo umesalia gandani. Karani alilikuta ganda kavu.

Baada ya hapo alijiuliza kama ni mgonjwa. Swali hilo halikuwa la upuuzi. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka wa 2019 toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, ambalo lilianza kutumika Januari 2022, na humo umo ugonjwa wa uraibu wa michezo ya video. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea kuucheza hata unapomletea madhara. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyomhusu; yeye shida yake ilikuwa kinyume. Ila upo ugonjwa mwingine, sonona, ambao miongoni mwa dalili zake kuu ni mtu kupoteza hamu na raha ya mambo aliyoyapenda. Mtu aliyepoteza ladha ya karibu kila kitu kwa muda wa majuma mawili au zaidi anastahili kumwona daktari, si kukemewa kwamba ni mvivu au kwamba hana imani. Karani alijipima kwa haki. Bado alipenda kuimba sauti ya nne kanisani, bado alicheka na wenzake kazini, bado chapati za Jumapili zilikuwa tamu. Ni mchezo mmoja tu uliokuwa umezimika, kama taa moja katika nyumba yenye umeme.

Wanasaikolojia wana maelezo yao. Mihaly Csikszentmihalyi, ambaye mwaka wa 1975 alichapisha uchunguzi wake kuhusu wachezaji wa sataranji, wapanda majabali, wacheza ngoma na madaktari wa upasuaji, aliona kwamba raha hukaa katika ukingo mwembamba ambapo ugumu wa kazi na ustadi wa mtu vinalingana. Kazi ikimzidi mtu nguvu, huingiwa na wahaka. Ustadi ukiizidi kazi, huchoka. Maelezo hayo yanaweza kumfaa aliyeushinda mtambo mara tatu kwa vidole vya miaka kumi na tisa, lakini hayamwelezi yule wa Ijumaa. Ndugu yake alikuwa mpinzani sawa naye. Walifungana zamu kwa zamu.

Maelezo ya pili yanahusu tuzo. Mwaka wa 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya chekechea nchini Marekani waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Wengine hawakuahidiwa chochote. Siku kadhaa baadaye, watoto walioahidiwa cheti na kukipata walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao walipoachiwa hiari. Kazi waliyoipenda bure ilikuwa imegeuka ajira. Waundaji wa michezo ya video wameijaza michezo yao vyeti vya aina hiyo: kila siku ingia upate sarafu, kila wiki timiza masharti upate pakiti, na ndani ya pakiti huenda akawamo mchezaji mashuhuri au asiwemo. Utaratibu huo wa pakiti uliingizwa katika mchezo wa FIFA mwaka wa 2009, na pakiti zikawa zinaweza kununuliwa hata kwa fedha halisi. Mwaka wa 2018 wasimamizi wa kamari nchini Ubelgiji waliamua kwamba mauzo ya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 mauzo ya sarafu za kununulia pakiti hizo yakasitishwa nchini humo. Hapo ndipo kitenzi kinapogeuka: mtu huketi akidhani anacheza, kumbe anachezewa. Karani alizikumbuka jioni nyingi alizozitumia kutimiza masharti ya wiki, akiwa amerudi kutoka kwenye daftari za hesabu ofisini na kuingia katika daftari nyingine sebuleni. Sehemu ya raha yake iliishia huko. Hilo halina shaka. Lakini mechi za Ijumaa hazikuwa na pakiti wala sarafu. Zilikuwa mechi za ndugu wawili.

Jibu lilikuwa karibu zaidi na alilichelewesha kwa sababu lilimtisha. Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake kuhusu mchezo kilichotoka mwaka wa 1938, alishikilia kwamba sifa ya kwanza ya mchezo ni hiari: mchezo unaochezwa kwa amri si mchezo tena. Hakuna aliyekuwa amemwamrisha karani. Ila kila Ijumaa alijiambia kwamba akikosa, mdogo wake atakaa peke yake katika chumba cha watu sita, ng'ambo, siku yake pekee ya mapumziko. Amri haikutoka nje; ilitoka katika upendo, na amri itokayo katika upendo ni vigumu kuikaidi kuliko ya hakimu. Aidha, alihofia kwamba mchezo ukiondoka, hakuna kitakachobaki kati yao. Walikuwa hawajawahi kuzungumza kwa simu zaidi ya dakika mbili bila vidhibiti mikononi.

Wanaosema kwamba michezo huisha utamu kwa kurudiwa sana hawajaketi barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na idadi hiyo haiongezwi mwaka hadi mwaka ili watu wanunue bao jipya. Mchezo hupitia namu, ambapo kete huingizwa moja moja, kisha mtaji, na njia ni ileile waliyoipita mababu. Hata hivyo wapo wazee wa pwani waliocheza na wapinzani walewale kwa miongo mingi bila kuchoka. Siri moja iko wazi kwa yeyote aliyepata kusimama karibu nao: mikono ikisambaza kete, midomo haifungwi. Utani, vijembe, habari za mashua iliyochelewa, bei ya samaki, ugonjwa wa jirani, yote hupita juu ya ubao. Bao ni sababu ya kukaa. Kukaa ndiko kunakotafutwa. Kibanda cha Kaptembwo kilikuwa baraza la namna hiyo, kwa mabati badala ya mawe. Mechi za Ijumaa hazikuwa baraza. Kwa miaka sita ndugu wawili walikuwa wameambizana "piga", "rudi", "mkabe huyo", wakaagana, wakalala. Kamba iliyowafunga ilikuwa pia pazia lililowatenga.

Ijumaa moja ya mwaka wa 2025, baada ya mkubwa kufungwa mabao manne bila jibu, sauti ya mdogo ilisikika masikioni: "Kaka, siku hizi unacheza kama mtu anayelipa deni."

Angeweza kusingizia mtandao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mchezo umemtoka moyoni, kwamba si kosa la yeyote, na kwamba alikuwa akiogopa kulisema hilo. Upande wa pili palikuwa na kimya kirefu hata akadhani mawasiliano yamekatika. Kisha mdogo wake akacheka, kicheko cha uchovu. Yeye raha ilimtoka tangu mwaka uliopita. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya saa kumi na mbili, ijapokuwa macho yanafumba akiwa wima, akaosha uso kwa maji baridi na kuwasha mtambo kwa kuwa alidhani kaka yake, aliyeachwa nyumbani peke yake na mama, anauhitaji mchezo huo. Kila mmoja alikuwa amebeba mzigo akidhani ni wa mwenzake.

Ingekuwa vyema kusimulia kwamba kuanzia usiku huo waliongea hadi alfajiri. Sivyo ilivyokuwa. Ijumaa iliyofuata karani alipiga simu saa tatu kamili, na mazungumzo yalidumu dakika nane. Walijuliana hali, wakaulizana kuhusu mama, wakaulizana tena kuhusu mama. Mikono yao haikujua pa kukaa. Mchezo, hata ukiwa mkavu, huwapa watu mahali pa kutazama wanapoogopa kutazamana, na walikuwa wameupoteza huo ulinzi. Ijumaa ya tatu mdogo hakupokea simu. Ya nne alipokea, akasema amechoka, kisha, bila kuulizwa, akaanza kusimulia kuhusu Kombe la Dunia la mwaka wa 2022. Alikuwa amepangiwa kulinda lango la nje la uwanja mmojawapo. Dakika tisini zote alisimama akiupa uwanja mgongo, akavisikia vifijo vya maelfu ya watu, na kwa kupanda na kushuka kwa sauti hiyo akajaribu kukisia ni timu gani imefunga. Alikisia vibaya. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote. Aliona aibu kusema kwamba alikuwa hatua chache kutoka Kombe la Dunia na hakuona hata nyasi.

Karani alimsikiliza hadi mwisho. Aliuliza ilikuwa mechi gani, lango lilikuwa upande gani, alivaa nini, kulikuwa na baridi au joto. Majibu yalizaa maswali. Walipoagana ilikuwa imetimu saa tano na nusu.

Mtambo ungali chini ya runinga, umefunikwa kitambaa ambacho mama alikitandaza juu yake akidhani umeharibika. Hajaambiwa kwamba ni mzima. Upo uwezekano kwamba siku moja, mdogo atakaporudi likizo, utawashwa na wawili hao watagombea kidhibiti mbele ya mama yao, na raha itakuwa imerudi kwa njia yake yenyewe. Upo uwezekano pia kwamba haitarudi. Raha ya mchezo haidaiwi mahakamani, na anayeilazimisha huishia kuukuta uchovu umekaa mahali pake. Kwa sasa Ijumaa saa tatu ya usiku simu hulia Doha, na mlinzi mmoja huvua viatu, huketi kitandani kwake, na kuanza kwa kusema yaliyopita langoni wiki hiyo.